Lifti ya anga ni hadithi ya ardhi

Mwaka 2025 umepita na hakuna mtambo hata mmoja ulioanza kusuka kebo. Kampuni ya ujenzi ya Obayashi ya Japani ilitangaza mwaka 2012 kwamba ingeweza kujenga lifti ya kupanda anga za juu kwa kebo iliyofungwa ardhini ifikapo 2050, na baadaye mwaka 2025 ukatajwa kuwa wakati ambao kazi ingeweza kuanza. Haikuanza. Wakati huohuo roketi zinazorudi na kutumika tena zimekuwa jambo la kawaida: Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi ya Falcon 9 ilitua wima baada ya kurushwa, na Oktoba 2024 mnara wa uzinduzi uliidaka hewani sehemu ya chini ya Starship, roketi kubwa kuliko zote zilizowahi kuruka. Hukumu ikatoka upesi. Lifti ya anga imepitwa na wakati, wanasema, na mwandishi wa bunilizi za kisayansi anayeendelea kuitumia anang'ang'ania ndoto ya karne iliyopita. Naamini hukumu hiyo imesimama juu ya kosa moja la msingi: inaipima lifti ya hadithini kama bidhaa iliyotangazwa ikashindwa kufika sokoni. Katika usimulizi, lifti ya anga haikupata nguvu zake kwa sababu ingeweza kujengwa. Ilizipata kwa kuwa ndicho chombo pekee cha kwendea angani ambacho hakiondoki ardhini. Kina mahali pake, kina mlango, kina mwenyewe na kina majirani, na hizo ndizo malighafi za migogoro ambayo watu wamekuwa wakisimuliana tangu kale.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko roketi yoyote iliyofika angani. Mwaka 1895 Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, akiuwazia mnara wa Eiffel, alijiuliza ingekuwaje kama mnara ungeendelea kupanda hadi kimo ambacho mtu aliyesimama juu yake hasikii tena uzito wake. Mnara kama huo haujengeki, maana kila tofali la chini lingebeba uzito wa yote yaliyo juu. Mwaka 1960 mhandisi wa Leningrad, Yuri Artsutanov, aliugeuza mpango mzima katika gazeti la Komsomolskaya Pravda: msijenge kwenda juu, shusheni kamba kutoka juu. Satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huizunguka Dunia kwa muda uleule ambao Dunia hujizungusha, kwa hiyo ukiwa chini utaiona imetulia mahali pamoja, na ndiyo maana huitwa satelaiti tuli. Kutoka hapo teremsha kebo kuelekea chini, na nyingine iongoze kwenda nje ili kusawazisha uzito, mpaka ncha ya chini iguse nchi. Hapo huna mnara tena. Una kamba inayoning'inia kutoka angani. Mwaka 1966 wataalamu wa bahari wa Marekani waliozoea kebo ndefu za vilindini walilifikia wazo hilohilo bila kumsoma Artsutanov, na mwaka 1975 mhandisi wa Marekani Jerome Pearson akalifikia tena kwa hesabu zake. Kikwazo kimebaki kilekile tangu wakati huo. Waya wa chuma bora ukiuning'iniza hukatwa na uzito wake mwenyewe baada ya makumi machache ya kilomita, na hata kebo inayonenepa kadiri inavyopanda inadai nyuzi ambazo hakuna anayejua kuzitengeneza kwa urefu unaotakiwa. Nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno na imara ya kaboni, zilitia watu matumaini makubwa kuanzia miaka ya 1990, lakini ndefu kuliko zote zilizotengenezwa maabara hazijavuka sana nusu mita.

Mwaka 1979 zilitoka riwaya mbili zenye lifti katikati ya msuko: The Fountains of Paradise ya Arthur C. Clarke na The Web Between the Worlds ya Charles Sheffield, kila mmoja akiwa ameandika yake bila kujua mwenzake anafanya nini. Tangu hapo lifti imekuwa mali ya wote katika bunilizi, kutoka riwaya hadi katuni za Kijapani hadi filamu kubwa za miaka ya karibuni. Kwa nini ilikubalika haraka hivyo? Jibu la kawaida ni kwamba ilikuwa na hesabu nyuma yake. Jibu hilo lina ukweli, ila ndilo lililozaa matatizo ya leo, kwa sababu usahihi wa hesabu uligeuzwa kuwa ahadi, na ahadi isipotimia mtoa ahadi huitwa mwongo.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya lifti imetokana na hapo: kwamba maadamu haijengeki, haifai kuandikwa. Anayeishika hoja hii na aitazame rafu yake ya vitabu. Vyombo vinavyokwenda kasi kuliko mwanga, ambavyo fizikia tuijuayo inavikataza kabisa, vimejaa kwenye bunilizi na hakuna anayevidai ripoti ya maendeleo. Safari za kurudi wakati uliopita, vivyo hivyo. Lifti ya anga haivunji sheria hata moja ya maumbile; inakosa nyuzi tu. Basi tuna kipimo cha ajabu, kinachokisamehe kisichowezekana kabisa na kukiadhibu kilichokaribia kuwezekana. Hakuna msomaji anayeishi kwa kipimo hicho. Msomaji anataka ulimwengu wa hadithi uwe na kanuni zinazofungana, na lifti inazo kanuni kali kuliko karibu kila kifaa kingine cha bunilizi: lazima iwe kwenye ikweta au karibu nayo, lazima uzito wa kusawazisha uwe ng'ambo ya kimo cha satelaiti tuli, lazima kebo iwe nene zaidi kwenye kimo hicho kuliko miishoni. Mwandishi hawezi kuisogeza apendavyo. Kwangu mimi ugumu huo ni zawadi kwa msimulizi, kwani mgogoro mzuri hukua pale ambapo mambo hayasogei.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na inahusu roketi. Enzi za Clarke sababu ya kuijenga lifti ilikuwa gharama: kila kilo iliyopelekwa angani iligharimu fedha nyingi mno na roketi yenyewe ilitupwa baharini. Roketi ikirudi nyumbani na kuruka tena, sababu hiyo inapungua nguvu. Nakubali kabisa kwamba mwandishi wa leo anayesema lifti ndiyo njia pekee nafuu, bila kueleza roketi zimepatwa na nini, amekuwa mvivu. Lakini tuangalie kinachobadilika ndani ya hadithi. Roketi inaweza kurushwa kutoka viwanja vingi. Ukigombana na mwenye kiwanja kimoja unahamia kingine. Katika ulimwengu wa lifti kila mtu hupita mlango mmoja. Tena wahandisi waliouchunguza mpango huu, kama Bradley Edwards aliyeufanyia kazi kwa ufadhili wa NASA mwanzoni mwa miaka ya 2000, walionyesha jambo ambalo waandishi wachache wamelitumia: lifti ya kwanza ndiyo ngumu, ya pili inabebwa na ya kwanza. Mwenye kebo ya kwanza anaweza kujenga ya pili kwa sehemu ndogo tu ya taabu ile, na anaweza pia kukataa kumbebea mwenzake. Palepale umepata ukiritimba, wivu wa mataifa, hongo na ujasusi, na yote hayo yametoka kwenye umbo la kitu chenyewe. Roketi nafuu haiondoi lolote kati ya hayo. Inampa tu mhusika aliyenyimwa nafasi kwenye lifti njia nyingine ya hatari ya kupandia.

Kisha kuna hoja ya tatu, ambayo ndiyo nzito: lifti ni polepole. Katika mpango wa Obayashi gari la kupanda lingekwenda kilomita 200 kwa saa, yaani zaidi ya wiki nzima kufika kituo cha juu. Filamu inataka moshi, mngurumo na kuhesabu kurudi nyuma. Watu wamekaa kwenye chumba kinachopanda taratibu siku saba; taharuki itoke wapi? Waliowahi kuiandika vibaya wamethibitisha hofu hii kwa kuiruka safari yote: mhusika anaingia mlangoni, sura inafungwa, sura inayofuata yuko juu.

Naona wameruka utajiri. Safari hii haifanani na nyingine yoyote, kwa sababu mwili wa msafiri unabadilika siku hadi siku bila yeye kufanya lolote. Baada ya saa mbili gari limefika kimo cha Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400, na hapo msafiri hataelea. Wanaanga wa kituo kile huelea kwa kuwa wamo katika mzunguko wa kasi kuizunguka Dunia. Aliye kwenye lifti hana kasi hiyo, kwa hiyo uzito wake bado ni karibu tisa ya kumi ya ule wa nyumbani, ilhali nje ya dirisha mbingu ni nyeusi kabisa. Nusu ya uzito inaondoka baada ya saa kumi na tatu hivi. Iliyobaki inaondoka kidogo kidogo kwa muda wa wiki, mpaka kwenye kituo kikuu ambako uzito ni sifuri, na ukiendelea kupanda uzito unarudi kinyume: dari inakuwa sakafu. Hata kifo kina ramani. Anayeanguka kutoka kwenye lifti chini ya kilomita 23,400 hivi ataingia kwenye hewa ya Dunia na kuungua. Anayeanguka juu ya kimo hicho haangukii popote, anakuwa satelaiti na kuizunguka Dunia katika njia yenye umbo la yai. Anayeachia juu ya kilomita 46,700 hivi anaiaga Dunia moja kwa moja. Mlango uleule mbovu una hukumu tofauti siku ya pili, siku ya saba na siku ya kumi. Sijui chombo kingine cha usafiri kinachompa msimulizi ngazi ya hatari iliyopangwa hivi na maumbile yenyewe. Na ndani ya chumba hicho wamo watu wasiojuana, hawawezi kushuka, hawawezi kugeuza, na mmoja wao huenda anapanda ili asirudi. Riwaya za meli na za garimoshi zimeishi kwa hali hiyo kwa zaidi ya karne moja.

Lakini hata ufundi huo wote ungekuwa pambo kama si suala la ardhi, na ni hapa ambapo watu wanaisoma vibaya historia ya bunilizi hii. Riwaya ya Clarke husifiwa kama kitabu cha uhandisi. Ukiisoma kwa makini, mgogoro wake wa kwanza ni wa kiwanja. Mhandisi mkuu anautaka mlima mmoja, na juu ya mlima huo kuna hekalu na watawa walioukalia kwa karne nyingi na ambao hawataki kuondoka. Hesabu inasema lazima iwe hapo. Imani inasema hapana. Clarke mwenyewe, ili kisiwa alichokipenda, Sri Lanka, kifae, ilimbidi akisogeze kusini hadi kwenye ikweta, jambo alilolieleza waziwazi kwa wasomaji wake. Angeweza kuchagua jangwa tupu. Alichagua mahali penye watu wenye haki ya kukataa, na nadhani hiyo ndiyo sababu kitabu kingali kinasomwa wakati hesabu zake zimekwisha kupitwa.

Nje ya vitabu, mvutano huohuo ulikwisha kuandikwa katika siasa. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia sehemu ya anga za juu. Desemba 1976 nchi zilizo kwenye ikweta, zikiwemo Kolombia, Ekwado, Kenya, Uganda, Zaire na Indonesia, zilikutana Bogotá na kutoa tamko kwamba ile njia ya satelaiti tuli iliyo juu ya maeneo yao ni sehemu ya mali zao za asili. Hoja yao ilikuwa kwamba njia hiyo ipo kwa sababu ya Dunia na mvutano wake, kwa hiyo isihesabiwe kuwa anga la wote. Mataifa makubwa hayakuikubali, na nafasi za satelaiti zimeendelea kugawiwa kwa taratibu za kimataifa. Kisheria tamko lile halikufika mbali. Kwa msimulizi, hata hivyo, sijui hati nyingine yenye rutuba kama hiyo. Satelaiti inaweza kupita juu ya nchi bila kuuliza, lakini lifti lazima iguse udongo wa mtu. Siku kebo ya kwanza inaposhuka, swali la Bogotá linaamka likiwa na meno: nchi mwenyeji inapata nini, inaweza kufunga lango, inaweza kutoza ushuru, na jeshi la nani linalinda uzio?

Ajabu ni kwamba bunilizi nyingi zimeigusa ikweta na kuipita. Robert Heinlein aliianza riwaya yake Friday, mwaka 1982, kwa mhusika anayeshuka kutoka kwenye lifti iliyojengwa Kenya, na lifti hiyo ni kituo cha kushukia tu kabla msuko haujakimbilia kwingine. Sidai kwamba kila riwaya ilazimike kueleza mazingira ya kila kituo. Nasema kwamba nchi mwenyeji inapogeuzwa kuwa jukwaa lisilo na watu, mwandishi amelitupa lile linaloitofautisha lifti na roketi, na anabaki na roketi isiyo na moshi. Wahandisi nao wamependekeza kuikwepa nchi kavu: Edwards alipendekeza nanga ielee kwenye bahari ya Pasifiki mashariki, mbali na radi na vimbunga, ili iweze pia kusogezwa na kuikwepesha kebo isigongwe na taka za angani. Kwa mhandisi huo ni uamuzi wa busara. Mwandishi anayeuiga bila kufikiri amewafuta majirani wote kwa kalamu moja.

Taka hizo zinanileta kwenye jambo ambalo hadithi nyingi hulikwepa. Kila satelaiti inayozunguka chini ya kimo cha satelaiti tuli hukata usawa wa ikweta katika kila mzunguko wake, na kebo imesimama hapohapo. Zipe muda wa kutosha, na karibu kila kimoja kati ya vyombo hivyo kitaigonga kisipoongozwa au kuondolewa. Maana yake ni kwamba hakuna atakayeimiliki lifti bila kudai pia mamlaka juu ya kila kitu kinachozunguka Dunia, cha rafiki na cha adui. Mwenye lifti anakuwa askari wa trafiki wa anga lote, kwa sababu ya usalama ambayo hakuna anayeweza kuipinga. Riwaya nzima ya kisiasa imo humo: mamlaka makubwa kuliko yote yanayopatikana kwa ombi la haki kabisa, kwamba tafadhali msigonge kamba yetu.

Badala yake tunapewa anguko. Katika filamu na tamthilia za miaka ya karibuni, lifti ikionekana katika tukio la kwanza, mtazamaji mzoefu anajua kwamba italipuliwa. Mfululizo wa Foundation ulifanya hivyo mwaka 2021, na filamu ya Kichina The Wandering Earth II ikaijengea shambulio kubwa mwaka 2023. Yanapendeza macho, siwezi kukataa. Tatizo ni kwamba anguko limegeuka kuwa kazi pekee ya lifti, na fizikia yake mara nyingi inasahauliwa. Kebo ikikatika, sehemu iliyo juu ya mkato huvutwa kwenda nje, na iliyo chini huanguka ikilala kuelekea mashariki kando ya ikweta. Ikiwa ni utepe mwembamba kama ule uliopendekezwa na Edwards, sehemu kubwa ingeungua au kupeperuka kabla ya kumdhuru mtu. Ikiwa ni nzito, kila nchi iliyo upande wa mashariki ina sababu ya kulala macho wazi, hata kama haikuwahi kunufaika na lifti hiyo kwa lolote. Kim Stanley Robinson aliiangusha ya kwake kwenye Mirihi, katika Red Mars ya mwaka 1992, na pale anguko lina maana, kwa sababu kabla ya hapo ametumia kurasa nyingi kuonyesha jinsi kebo ilivyoleta wahamiaji na makampuni kwa wingi kuliko sayari ilivyoweza kuwabeba, hadi baadhi ya wakazi wakaiona kuwa bomba la kunyonya nchi yao. Wanaoikata wana hoja, na waliomo njiani wanakufa hata hivyo. Ukiliondoa lile la kwanza, la pili linabaki fataki.

Kipo kipimo kimoja kinachoweza kutumiwa kuijaribu hoja yangu, nacho ni Mwezi. Mvutano wa Mwezi ni mdogo, na kebo inayoshuka kwake kutoka kwenye eneo lililo kati yake na Dunia ingeweza kutengenezwa kwa nyuzi imara zilizokwisha kuwepo viwandani. Pearson mwenyewe alilichunguza hilo tangu mwaka 1979. Kama waandishi wangekuwa wanafuata uwezekano, wangehamia huko zamani, wakaiacha ya Dunia isiyojengeka. Hawakuhama. Lifti ya Mwezi imebaki zaidi katika ripoti za kiufundi, ilhali ile ya Dunia inaendelea kuandikwa na kuigizwa, na sioni kwamba ni kwa uzembe wala kwa kutokujua. Chini ya kebo ya Mwezi hakuna mtawa wa kuhamishwa, hakuna serikali ya kudai ushuru, wala hakuna anayelala upande wa mashariki.